Picha Iliyokatwa Uso

Kazi ya kwanza ya kuandika niliyowahi kulipwa ilikuwa wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, nimerudi Kenyenya na begi moja na laptopu ambayo haiwaki bila chaja, na mwenye saiba moja pale sokoni akaniambia, "Si wewe ulikuwa unasomea mambo ya kuandika? Kaa hapo." Nikakaa. Bado nakaa hapo, miezi ambayo makala hazilipi.

Familia huja watatu ama wanne, mara nyingi mwanzo wa wiki, mazishi yakiwa Ijumaa. Wanakuja na tarehe ya kuzaliwa ambayo hawakubaliani, majina ya watoto kwa mfuatano, kanisa, kazi, ugonjwa. Hayo yote yanaandikika. Shida huanza nikiuliza picha. Ile karatasi lazima iwe na uso mbele, halafu kuna ile kubwa ya fremu inayobebwa mbele ya jeneza. Bila picha, watu wanahisi mtu wao anazikwa haraka haraka.

Baada ya mwaka mmoja hivi nikaanza kuona kitu. Mzee aliyefariki na miaka themanini, watoto wake huja na picha nzuri: nyeusi na nyeupe, amevaa koti, mkono juu ya mgongo wa kiti, macho yanaonekana hadi kope. Kijana wa bodaboda wa miaka thelathini na tatu, aliyekuwa na simu mbili na aliyejipiga picha kila siku ya maisha yake, familia inaniletea uso wa ukubwa wa ukucha uliokatwa kutoka kwa harusi ya mtu mwingine, umetumwa WhatsApp mara kumi hadi pua imekuwa vigae. "Zingine zilikuwa kwa simu yake," wananiambia. Simu imefungwa kwa nambari ya siri aliyoijua yeye tu.

Binamu yangu wa Nairobi, anayetembea na Pentax K1000 shingoni kama rozari, ana jibu tayari: filamu ni bora kuliko dijitali, filamu ina roho, filamu inadumu. Nilikuwa nakubaliana naye. Halafu nyanya yetu akafa, na ikabidi mimi niandike wasifu na nitafute picha.

Alifariki Julai 2023. Kitambulisho kilisema alizaliwa 1938, Januari mosi, ile tarehe ambayo karani aliwapa wazee wote waliosema walizaliwa wakati wa nzige ama wakati wa mvua kubwa. Kwa hivyo miaka themanini na mitano, na katika miaka hiyo tulipata picha mbili. Moja ni ya kitambulisho chenyewe, kile cha kizazi cha pili alichochukua 1996, na ile karatasi ya plastiki ilikuwa imekwaruzika juu ya shavu. Ya pili ilipigwa kwa simu 2019, kwa ruracio ya dada yangu. Nyanya yuko pembeni, anaangalia sufuria.

"Kuna ile ya kaka," mama mdogo akasema. "Ile ya kitambulisho cha kwanza. Alikuwa bado msichana mzuri."

Kaka wa mama mdogo ni mame wangu. Mame ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita ndugu wa mama. Leo anauza mbolea na mbegu, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye alikuwa studio ya picha. Kwa hivyo mtu aliyempiga nyanya picha yake ya kwanza alikuwa mtoto wake mwenyewe wa kiume.

Picha ya kwanza ya mtu ni jambo la kufikiria. Waingereza waliweka kituo chao Kisii 1907, na Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Kila mtoto wa huku anaijua hiyo hadithi, na kila mtu anajua kilichofuata, vijiji kuchomwa na ng'ombe kubebwa. Kamera zilikuwepo zamani hizo. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja tangu 1868. Lakini kwetu bara, aliyeshika kamera alikuwa ofisa, mmishenari ama mtafiti, na picha ikishapigwa ilipanda meli. Majirani zetu Wajaluo wana mfano mzuri. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipita kwao akipiga picha, na picha hizo zikaenda kukaa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Zilirudi vijijini Nyanza 2007 kama maonyesho, kazi aliyoifanya mtafiti Gilbert Oteyo na wenzake wa Oxford. Miaka sabini na moja. Watoto waliokuwa kwenye picha walikuwa wamekuwa wazee ama wamezikwa, na waliobaki wakaomba nakala za baba zao.

Serikali ya kikoloni yenyewe haikujali uso wa Mwafrika. Ilijali vidole. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita abebe karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wanawake hawakuhitajika. Hata baada ya Uhuru, vitambulisho viliendelea kuwa vya wanaume, mpaka sheria ilipobadilishwa 1978 ili wanawake nao waandikishwe. Kadi mpya zikaanza kutolewa 1980. Yaani nyanya yangu alikuwa na miaka arobaini na mbili, watoto saba, shamba la kahawa la mume wake alilolichuma kila msimu, kabla ya mtu yeyote kuhitaji kujua sura yake.

Na kadi ilihitaji picha. Hapo ndipo mame akapata maisha.

Alikuwa amejifunza kazi mjini Kisii, kwa studio ya Mhindi mmoja, miaka miwili ya kufagia na mmoja wa kushika kamera. Akarudi Kenyenya 1979 na Yashica kuukuu ya lenzi mbili, ile unayoangalia kutoka juu ukiwa umeinamisha kichwa kama unayesali. Mkanda mmoja, picha kumi na mbili. Kibanda chake hakikuwa na stima. Alisubiri usiku, akaziba mianya kwa magunia, akaingiza mkanda kwa tangi akiwa chini ya blanketi, gizani kabisa, kwa kupapasa. Dawa ya kusafishia inataka nyuzi ishirini za joto, na usiku wa huku una baridi, kwa hivyo alipasha maji nje kwa jiko la makaa na kuyapima kwa kiwiko, vile mama anapima maji ya kuogesha mtoto. Kuchapa alitumia taa ya betri ya gari, na tochi aliyoifunika karatasi nyekundu ya peremende, kwa sababu karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu.

Sisi husema "kusafisha picha", na kusema kweli zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa maji. Chumvi za fedha kwenye mkanda zikiguswa na mwanga hubadilika, dawa ya kwanza huzigeuza nyeusi, dawa ya pili huondoa zile ambazo hazikuguswa, halafu unaosha na kuosha ili dawa isibaki. Mame alitumia maji ya mvua. Kwa picha zake unaweza kujua kama alikuwa na haraka: zile alizoosha kidogo zimegeuka rangi ya chai.

Nilimuuliza kama alipenda hiyo kazi. Akaniangalia kama nimeuliza kama anapenda kupumua. "Ilikuwa na pesa," akasema.

Na pesa ilikuwa kwa negativu. Hili sikulijua. Mteja alinunua karatasi tu. Negativu ilikuwa ya mame, ndani ya bahasha yenye nambari, ndani ya sanduku la mbao alilolitengenezea kufuli. Ukitaka nyingine ya kumtumia mchumba, unarudi kwake. Ya shule, unarudi kwake. Mtu akifa, familia nzima inakuja kwake usiku, na hakuna mpiga picha mwingine Kenya hii anayeweza kuwasaidia. Ndiyo maana hata mtu wa kitambulisho hakumpiga uso peke yake. Alimpiga kuanzia kiuno kwenda juu, akachapa saizi ya postikadi, akakata uso kwa wembe na rula, akampa mteja kile kipande. Mwili ukabaki. Kama mteja angerudi siku nyingine na pesa, negativu nzima ipo, anamchapia kubwa.

Kumbe si yeye peke yake. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna studio inaitwa Gulu Real Art, ambako Martina Bacigalupo, mpiga picha kutoka Italia, alikuta picha kibao zilizotobolewa uso, mstatili mweupe mahali pa kichwa. Wateja walitaka picha ya pasipoti, na mashine ya pasipoti ilitoa nne kwa mpigo. Kama huhitaji nne, ilikuwa rahisi kupiga moja ya kawaida na kutoboa uso. Bacigalupo akakusanya yale mabaki na 2013 yakawa kitabu. Ukiyaangalia, unaona koti moja likirudi kwa watu tofauti, koti la studio la kuazima, kubwa kwa huyu, dogo kwa yule.

Mame naye alikuwa na koti. Na sweta moja ya wanawake.

Mabaki yake hayakuwa kitabu. Yalikuwa ndani ya kopo la Kimbo, la kilo mbili, nyuma ya magunia ya mbolea, na yalikuwepo kwa sababu moja tu: nyuma ya kila kipande alikuwa ameandika deni. Fulani, shilingi nne. Fulani, kuku mmoja. Fulani, atalipa kahawa ikilipwa. Karatasi ya picha ni ngumu, haichaniki upesi, na nyuma inashika kalamu vizuri. Nilihesabu vipande sitini na kitu, vyote na shimo. Tulivimwaga juu ya meza, mimi, mama mdogo na mame, siku mbili kabla ya mazishi, na mama mdogo akaanza kuvipanga kama karata.

Sweta ile ile. Sweta ile ile. Sweta ile ile. Nikamwambia hatutajua. Akanyamaza, akaendelea, akasimama kwa kimoja.

"Huyu."

"Umejuaje?"

Akaniwekea kidole juu ya mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuingia ndani. Nyanya alikatwa na panga akikata majani ya ng'ombe, zamani, kabla ya mama yangu kuzaliwa, na hicho kidole hakikunyooka tena. Nimekishika maisha yangu yote. Mikono imelala juu ya mapaja, sweta imefungwa vifungo vyote, nyuma kuna pazia lenye mnazi uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kufika Mombasa. Juu ya kola, hakuna kitu. Nyuma ya picha: jina la mzee mmoja wa kijiji jirani, shilingi sita.

Mame aliigeuza mara mbili. "Nilikuwa nimchapie kubwa," akasema. "Nilimwambia kesho."

Kile kipande cha uso kilienda kwa kadi ya 1980. Alipochukua kadi ya pili, ya kwanza akairudisha, ndivyo walivyoambiwa. Kwa hivyo uso ni wa serikali, popote ulipo. Ikabaki negativu. Nikauliza sanduku liko wapi, na mama mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshauliza.

Acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kilichotokea kwa sanduku hakikuanza siku lilipochomwa.

Rangi ilifika mwishoni mwa miaka ya themanini. Mame alinunua kamera ya mkanda mdogo, picha thelathini na sita, lakini kusafisha rangi hakuwezi kufanyika kwa jiko. Dawa ya kwanza inataka nyuzi thelathini na saba na nukta nane, dakika tatu na robo, na ukikosea kidogo ngozi ya mtu inakuwa kijani. Ikabidi apeleke mikanda maabara mjini Kisii. Hapeleki mpaka ziishe zote thelathini na sita, kwa hivyo ukipigwa ya kwanza Krismasi ikipita, unaweza kuipata Pasaka. Wakati mwingine unaambiwa tu "imeungua", neno ambalo lilifunika kila kosa: mkanda kufunguliwa mwangani, kamera kutoshika, ama mpiga picha kunywa pesa ya kusafisha.

Na sura zilirudi mbaya. Watu weusi kwenye maukuta meupe walirudi kama kivuli chenye meno. Mame alidhani ni yeye anakosea. Haikuwa yeye. Kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, wenye kazi wakaziita kadi za Shirley, na filamu yenyewe ilikuwa imepangwa kwa ngozi hiyo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi Kodak ikasikia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zionekane tofauti. Sisi tungeendelea kungoja. Kwa hivyo binamu yangu akiniambia filamu ina roho, namuuliza roho ya nani.

Lakini hata katika miaka hiyo ya rangi mbovu, negativu ilirudi kutoka Kisii pamoja na picha, na mame aliihifadhi. Sababu ile ile. Mtu atarudi.

Kamera ya kidijitali ilikuwa imeshazaliwa kitambo. Steven Sasson, injinia kijana wa Kodak, aliitengeneza 1975: kilo tatu na nusu hivi, nyeusi na nyeupe, sekunde ishirini na tatu kuandika picha moja kwa kaseti. Kodak wenyewe waliiona na hawakutaka kuua biashara yao ya mikanda. Iliwaua hata hivyo. AgfaPhoto ilifilisika 2005, Konica Minolta wakatangaza Januari 2006 kwamba wanaacha kamera na filamu, Kodak wakaomba ulinzi wa mahakama Januari 2012. Huku kwetu hatukusoma hizo habari. Tuliona tu mabango ya maabara yakipauka, na mikanda ikawa ngumu kupatikana Kisii.

Mame alinunua kamera ya dijitali 2008, na kompyuta ya mitumba, na printa. Ananiambia ile miaka minne ilikuwa mizuri kuliko yote. Hakuna kungoja, hakuna kuungua, mteja anaona uso wake papo hapo na kama hapendi anapigwa tena. Wanawake ambao walikuwa wanachukia picha zao walianza kuzipenda. Nataka kulisema hili wazi kwa sababu wanaosifu filamu hulipita: kwa mtu wa kawaida wa Kenyenya, dijitali ilikuwa mara ya kwanza anaulizwa kama ameridhika.

Kisha mteja akaanza kusema, "Niwekee kwa memori kadi." Akaweka. Kwa simu. Akaweka. Kwa CD, harusi nzima, na kwa nini isiwe hivyo, walikuwa wamelipa. Lakini mtu akishaondoka na faili, amekwenda na kila kitu. Hana sababu ya kurudi. Na mame, bila mtu wa kurudi, hakuwa na sababu ya kuweka. Kompyuta yake ilikufa 2012, na diski yake ikafa nayo: mahafali, ubatizo, ndoa, uchaguzi, miaka minne. Nilimuuliza kama alilia. "Kwa nini? Kila mtu alikuwa na zake." Ni kweli, alikuwa nazo. Zile CD sasa zinaning'inia mashambani kufukuza ndege.

Sanduku la mbao likawa linachukua nafasi. Novemba 2013 jua lilipopatwa, ile siku watu walisafiri hadi Turkana kuliona likifunikwa lote, watoto wa Kenyenya walikuja kwa mame kuomba negativu za kuangalilia. (Usijaribu, macho hayanunuliwi.) Akawapa bure, wakakata vipande na mkasi. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nyumbani kwao likizo hiyo, na nakumbuka nimeshika kipande cheusi juu ya jicho, na ndani yake, kabla ya jua, kulikuwa na watu wadogo wenye nywele nyeupe na nyuso nyeusi kama makaa. Sikuangalia ni akina nani. Nilitaka jua.

Zilizobaki alizichoma 2014 alipofunga studio. Anasema zilinuka kama nywele.

Mama mdogo hakumsemesha hadi siku ya mazishi. Mimi nilimkasirikia pia, usiku mzima, kisha nikaanza kujiuliza zile negativu nilizosikia zimeokoka ziliokoka vipi. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akairithi. Picha zake za zamani zimedumu kwa sababu mtalii anaingia na kununua nakala. Zina soko. Priya Ramrakha, Mkenya aliyepiga picha za Life na Time na kuuawa kwenye vita vya Biafra Oktoba 1968 akiwa na miaka thelathini na mitatu, kazi yake ilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji hapa Nairobi hadi jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipoanza kuitafuta na kuikuta. Huko hakukuwa na soko, lakini kulikuwa na familia yenye gereji kavu na jina la kulinda. Mame alikuwa na kibanda cha mabati kwenye mvua ya Kisii, ambapo ukungu hula ile gelatini ya negativu na mchwa humaliza bahasha, na alikuwa na karo ya watoto watatu. Sidhani filamu ilimwangusha, wala dijitali. Wateja waliacha kurudi. Sanduku lilikuwa na maana siku ambazo mtu angeweza kubisha hodi usiku, na mimi niliyekasirika sikuwahi kubisha hodi hata mara moja nyanya akiwa hai.

Kwa jeneza tulibeba ile ya simu. Nilikata sufuria, nikakata shangazi wa bwana harusi, nikaikuza hadi saizi ya fremu kwa printa ya saiba. Ukiwa mbali ilikuwa nyanya. Ukikaribia ilikuwa miraba ya rangi ya kahawia. Watu walikaribia, wakarudi nyuma hatua mbili, wakalia kutoka hapo.

Mame hakuongea mazishini. Wiki iliyofuata alikuja saiba, mara ya kwanza, akaketi kwa kiti cha plastiki, akaniuliza picha za hizi wasifu ninazoandika huwa naziweka wapi.

"Nafuta. Mashine ni ya watu, nafasi ni ndogo."

Hakusema kitu. Alirudi kesho yake na flashi ya jibaiti sitini na nne, mpya, bado kwa karatasi, na daftari la kurasa mia mbili. Akanionyesha jinsi ya kuandika: nambari, jina, kijiji, mwaka, nani ameleta. Nambari ile ile kwa faili. Akasema nisikubali kumpa mtu bila kumwandika, hata kama ni ndugu. Baadaye nikanunua diski ya pili na kuipeleka kwa mama mdogo, kwa sababu flashi moja ni kompyuta ya mame tu ikiwa ndogo.

Si kila mtu anapenda. Kuna jamaa alikuja kwa hasira kuniambia nifute picha ya kaka yake, kaka alikufa vibaya na hawataki uso wake ukizunguka. Nilifuta mbele yake, na kwa daftari nikaacha mstari mtupu wenye nambari. Sasa huwa nauliza kwanza.

Ile ya nyanya ni nambari moja. Niliipiga kwa simu dirishani, mbele na nyuma, na mame akasema niandike pia lile deni la shilingi sita kwa sababu halijalipwa.

Hadi sasa tumefika nambari 214. Aprili iliyopita alikuja mama mmoja ambaye mume wake nilimwandikia wasifu mwaka uliotangulia. Simu yake iliibiwa Kisii, steji ya matatu, na kila kitu kilikuwa humo. Hakuwa anatarajia, alikuja tu kuuliza. Nikafungua daftari, nikatafuta kijiji, nikapata nambari, nikachapa saizi ya postikadi. Alikaa nayo kidogo. Nikamtoza shilingi hamsini. Akalipa mia, akasema nimchapie nyingine, na ile faili nisiitoe hapo.